Fungua Dirisha, Wamefika

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita, katikati ya Oktoba, kwenye mkusanyiko wa Waswahili tunaoishi Edinburgh na vitongoji vyake. Wengi walikuwa zamu na wameniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na nyinyi watoto mliozaliwa huku, hamjambo?

Nimepewa mada ya namna ya kuumaliza msimu wa baridi salama. Habari za makoti na bili za gesi mnazijua kuliko mimi. Mimi nimekuja kuwaomba mtoke nje.

Nina swali. Tangu Septemba iingie, ni wangapi humu ambao miguu yao haijakanyaga popote isipokuwa kituo cha basi, kazini, dukani na nyumbani? Nyosheni mikono. Ehee. Tazameni wenyewe. Karibu ukumbi mzima. Msione haya. Miaka yangu miwili ya kwanza Uskoti niliishi hivyo hivyo. Nilikuwa nafunga pazia Septemba, nafungua Aprili.

Aliyenitoa ndani ni bibi mmoja wa Kiskoti. Kazi yangu, kama wengi mnavyojua, ni kuhudumia wazee majumbani. Bibi huyu alikuwa na miaka tisini kasoro, akiishi peke yake katika kijiji cha Aberlady, huko East Lothian, nyumba ya pili kutoka baharini. Miguu ilikuwa imekwisha nguvu lakini masikio yake yalikuwa mazima. Ilipoingia Septemba akaanza kuniuliza kila nikiingia mlangoni: "Wamefika?" Nikadhani anasubiri wanawe. Namjibu, "Bado, Bibi." Kesho yake tena: "Wamefika?" Siku ya nne nikamuuliza, "Nani hao, Bibi?" Akanyoosha kidole juu, kwenye dari.

Jioni moja katikati ya mwezi nilikuwa namkata kucha. Ghafla akaniwekea mkono begani. "Fungua dirisha." Nje kulikuwa na ubaridi, nami nikasita, maana tumefundishwa kutowaachia wazee baridi. Akasema tena, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Fungua dirisha!"

Nikafungua. Ndugu zangu, wale mnaotoka Pangani mtanielewa. Mnajua pakiwa na harusi Bweni, nawe umekaa upande wa mjini, mto uko katikati? Huoni mtu, husikii neno, unasikia tu wingi wa watu, sauti juu ya sauti, zinakuja na upepo na kuondoka na upepo. Ndivyo nilivyosikia. Ila harusi hii ilikuwa angani, na ilikuwa inasogea. Nikainua macho nikaona mstari, kisha mstari mwingine, kisha mbingu yote imechorwa ncha za mikuki. Mabata bukini. Mamia kwa mamia, wakishuka kwenye matope ya ghuba. Wengine walikuwa wanajiachia kama jani, wanapinduka kidogo ubavuni kumwaga upepo, kisha wananyooka tena.

Bibi alikuwa analia. Akasema, "Basi mwaka umegeuka."

Hao ni mabata bukini wenye miguu ya rangi ya waridi. Wanazaa Aisilandi na Greenland, na majira haya yakifika wanavuka bahari kuja kukaa Uingereza mpaka Aprili. Karibu wote wa kabila lao la Aisilandi na Greenland wanakuja huku, na idadi yao inakaribia nusu milioni. Usiku wanalala kwenye matope ya pwani, mahali ambapo mbweha hawezi kuwafikia bila wao kujua. Alfajiri wanaruka kwenda mashambani kuokota shayiri iliyodondoka wakati wa mavuno na viazi vilivyosahauliwa ardhini. Magharibi wanarudi kulala. Kila siku, kwa miezi saba. Hawalipishi kiingilio.

Nawauliza: mtu anatoka Aisilandi, kwa mabawa yake mwenyewe, ili aje akae Uskoti wakati wa baridi. Kwake yeye huku ndiko kwenye joto! Sisi tuko hapa tayari, kodi tumeshalipa, halafu tunafunga pazia?

Tangu jioni ile nikaanza kutembea. Nikimaliza zamu ya asubuhi, kabla sijapanda basi la kurudi mjini, natembea saa moja, saa mbili. Aberlady, Gullane, Yellowcraig, North Berwick, Tyninghame, Dunbar. Nimekuwa nafanya hivyo kwa miaka mingi sasa, na vuli ndiyo wakati wangu.

Nimesema vuli. Hebu tusimame hapo kidogo. Kamusi zinatuambia vuli ni majira haya ya majani kupukutika. Lakini mtu wa Tanga ukimwambia vuli, anaona nini? Anaona mvua! Mvua ndogo za Oktoba mpaka Desemba, mahindi ya muda mfupi, kunde, ardhi inayonukia baada ya kiangazi. Kwetu vuli ni kupanda. Huku ni kuvuna na kufunga ghala. Neno ni moja, miezi ni ileile. Leo hii, saa hii tunayozungumza, mama yangu mdogo kule Pangani anatazama wingu akisubiri apande, na mkulima wa Aberlady naye ameshapanda ngano yake ya kulala ardhini msimu wote wa baridi, imeanza kuchomoza, kijani laini kama mpunga wa kitaluni. Nilipoiona mara ya kwanza nilishangaa. Nilidhani huku mambo yote yanakufa Oktoba. Kumbe kuna mtu amepanda.

Kinachotuumiza sisi si baridi peke yake, ni jua. Saa yetu ya Kiswahili ilizaliwa karibu na ikweta. Jua likichomoza tunaanza kuhesabu: saa moja, saa mbili. Likizama tunaanza upya. Kwetu saa na jua ni ndugu, mwaka mzima hawaachani. Ukimwambia mtoto wa Pangani "urudi saa kumi na mbili," hahitaji saa ya mkononi, anatazama kivuli chake. Sasa mlete Edinburgh mtoto huyo. Mwisho wa Juni jua linazama saa nne usiku. Tarehe 21 Desemba linazama saa tisa na dakika 40 hivi alasiri, na asubuhi yake limechomoza saa tatu kasorobo. Mchana mzima hautimizi saa saba. Adhana ya Magharibi inaingia watoto ndio kwanza wanatoka shule.

Na kati ya vilele hivyo viwili ndipo tulipo sasa, mwezi huu. Huu ndio mteremko. Kila siku inayopita tunapungukiwa na dakika nne, tano za mwanga. Wiki moja, zaidi ya nusu saa. Ni vuli ndipo mwanga unapoondoka kwa kasi kuliko wakati wowote wa mwaka. Mwili unaliona hilo hata kama akili haijaliona. Mtu anaanza kulala sana, hapokei simu, mikusanyiko inamchosha, anasema "niko sawa tu." Dada zangu, mnaijua hiyo "niko sawa tu"?

Ndiyo maana nasema, mwanga mnaopata Oktoba ufuateni mpaka ulipo. Nusu saa ya mchana, hata chini ya mawingu, ni kitu. Na tumezeni vitamini D. Idara ya afya ya huku inashauri maikrogramu 10 kwa siku, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi inashauri tusiishie msimu wa baridi, tuitumie mwaka mzima, kwa sababu ngozi zetu zinahitaji jua zaidi kutengeneza kile kile anachotengeneza jirani yako. Vidonge vyenyewe ni bei ndogo. Hilo nimelisema, naendelea.

Mtaniambia: "Dada, tutembee wapi? Mashamba ni ya watu."

Nami niliogopa hivyo. Kwa sisi tuliokuja na viza, tukazoea kuonyesha karatasi kila mlango, geti la shamba ni kitu kizito. Naomba niwasimulie. Vuli yangu ya pili ya kutembea nilifuata kijia nyuma ya Aberlady, nikafika kwenye geti la chuma. Ng'ambo yake shamba la mabua ya shayiri, limekatwa, rangi ya dhahabu, na marobota ya nyasi kavu yamekaa kama ngoma zilizolazwa. Kijia kinaendelea ng'ambo. Nilisimama pale dakika kumi nzima. Nikafungua, nikapita. Sijafika katikati nikasikia trekta. Mzee mmoja anakuja moja kwa moja kwangu. Ndugu zangu, moyo ulikwenda mbio. Nikaanza kupanga maneno: mimi ni mhudumu, nina kibali, kitambulisho changu hiki hapa. Mkono ulikuwa tayari mfukoni.

Trekta likasimama. Mzee akafungua kimlango, akasema jambo moja tu: "Geti umelifunga?" Nikasema nimelifunga. Akasema, "Vizuri. Ukishuka kwa huko kuna tope, pita upande wa ukuta." Akaenda zake.

Kitambulisho nilikuwa bado nimekishika.

Nyumbani nikatafuta, nikaelewa. Kuna sheria ya Uskoti ya mwaka 2003, sheria ya mageuzi ya ardhi. Inampa kila mtu haki ya kutembea katika ardhi na maji ya nchi hii, iwe mali ya nani, ilimradi atembee kwa heshima. Sikilizeni neno hilo: kila mtu. Haikuandikwa raia. Haikuandikwa mwenye pasipoti ya rangi fulani. Kila mtu. Hutapita kwenye bustani ya nyumba ya mtu. Hutakanyaga mazao yanayoota, unazunguka pembeni. Geti ulilolikuta limefungwa unalifunga. Mbwa unamshika, hasa penye kondoo. Takataka zako unarudi nazo. Basi. England, jirani hapo, haki hiyo si pana namna hii. Tumekaa juu ya hazina na hatujui.

Bibi yangu nilipomsimulia alicheka, halafu akaniambia kuwa shamba lile lile aliokota viazi akiwa mtoto. Ile likizo ya Oktoba ambayo watoto wenu wako nayo sasa hivi shuleni, Waskoti wazee mpaka leo wanaiita likizo ya viazi. Shule zilifungwa ili watoto waende mashambani. Trekta linafukua, watoto wanafuata nyuma wameinama, kutwa nzima, kikapu kwa kikapu, vidole vimekufa ganzi. Alinionyesha mgongo wake: "Hapa paliharibika tangu nina miaka kumi." Nikamwambia nasi tulikuwa na shamba la shule, tukibeba jembe kila Ijumaa. Tukawa tumefahamiana kwa namna nyingine baada ya siku ile.

Sasa nataka kuzungumza na watu wa pwani. Wa bara mtatusamehe kidogo.

Sisi tumekua tunasoma maji. Mtoto wa pwani anajua bamvua, yaani maji makubwa, na maji mafu, yaani maji madogo, kabla hajajua kusoma kitabu. Mwezi ukiandama au ukipevuka, siku mbili tatu baadaye bahari inakupwa mbali sana, na inajaa juu sana. Bahari ya huku ni hiyo hiyo, mwezi ni huo huo. Pwani ya Dunbar maji ya bamvua yanapanda na kushuka karibu mita tano. Mita tano! Nyumba ya ghorofa moja na nusu, mara mbili kwa siku.

Basi kuna mahali karibu na Dunbar panaitwa Belhaven. Pana daraja dogo la miguu juu ya kijito, ndilo linalokupeleka ufukweni. Maji yakikupwa ni daraja kama daraja lolote. Maji yakijaa, yanafunika mchanga pande zote mbili, na daraja linabaki limesimama peke yake katikati ya bahari, ngazi zake zinaingia majini. Watu wanaliita daraja lisilokwenda popote.

Oktoba moja, siku ya pili baada ya mwezi kupevuka, nilivuka saa saba mchana. Jua lilikuwa zuri. Nikatembea ufukweni naokota makombe. Niliporudi saa tisa, daraja liko kule, mimi niko huku, na katikati yetu bahari. Mimi, mtoto wa Pangani. Babu yangu mvuvi. Nilikuwa nimeuona mwezi usiku uliotangulia, mkubwa, mwekundu, na sikuuuliza kitu. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimejiambia kwamba nilichokijua kwetu huku hakina kazi. Nilikiacha uwanja wa ndege pamoja na kanga zangu.

Mmelielewa hilo? Tunafika huku tunajivua kila tunachokijua, tunaanza kama watoto wachanga. Na kumbe mwezi ni ule ule!

Nikakaa juu ya vilima vya mchanga kungoja. Hapakuwa na hatari, palikuwa pakavu, ni kungoja tu mpaka karibu saa kumi na mbili. Na katika kungoja huko nikasikia mluzi. Mrefu, unapanda, unatetemeka mwishoni. Nikaruka. Huyo ni sululu! Nikatazama, kweli, sululu, ndege wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda chini kama mundu, anachoma matopeni anatoa mnyoo. Sululu wanakuja Pangani kila mwaka. Wa kwetu wanatoka upande wa Urusi, hawa wa Belhaven wengi wanashuka kutoka Skandinavia, lakini kabila ni moja na mluzi ni mmoja. Watoto tulikuwa tunamwiga kwa vidole mdomoni. Nikaweka vidole mdomoni, mtu mzima na koti langu la kazi, nikapiga mluzi.

Akanyanyua kichwa.

Siku hizi, kabla ya kwenda Belhaven, natazama mwezi kwanza, kisha jedwali la maji kwenye simu. Nawaomba na nyinyi mfanye hivyo, hasa mkiwa na watoto.

Na kwa kuwa tuko baharini, siwezi kupita bila kutaja Eyemouth. Hili tulisikilize kwa utulivu.

Eyemouth ni mji wa wavuvi, kusini zaidi, karibu na mpaka wa England. Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 1881, mwezi kama huu. Hali mbaya ya hewa ilikuwa imewafungia mashua bandarini siku kadhaa, na nyumbani hapana kitu. Asubuhi ile bahari ikalala. Jua, shwari kabisa. Lakini kipimo cha hewa kilichokuwa bandarini kilikuwa kimeshuka chini sana, na wazee waliona shwari ile si shwari njema. Watu wakatazamana. Mmoja akatweka, wengine wakafuata. Nani atabaki bandarini mwenzake akienda kuleta riziki?

Mchana giza likaanguka ghafla, na tufani. Mashua zilizokimbilia nyumbani zilivunjika kwenye miamba mlangoni mwa bandari, na wake na watoto wamesimama ukutani wanaona. Wanaona nyuso! Pwani yote ile walikufa wanaume 189, na 129 kati yao ni wa Eyemouth peke yake, mji mdogo. Kuna mashua moja iliyoamua kuikimbia nchi kavu, ikakaa bahari kuu na tufani, nayo ikarudi siku mbili baadaye, watu walikuwa wameshawalilia.

Leo ukienda Eyemouth, ufukweni kuna sanamu ndogo za shaba, ndogo tu, za wanawake na watoto. Wametazama baharini. Wengine wameshikana, mtoto amevuta sketi ya mama yake. Nilikwenda siku ya upepo, nikapiga magoti nizitazame vizuri, maana ni ndogo kweli. Shaba imesuguliwa na vidole vya watu, imeng'aa. Nikawaona mama zetu. Bibi yangu mzaa baba alisimama hivyo hivyo, mkono kwenye paji la uso, akitazama mlango wa mto. Alisimama siku tatu. Babu hakurudi.

Wanawake hawa wa shaba nawafahamu. Sihitaji mkalimani.

Nisiwaache na huzuni. Yako mambo mengine huko nje, nitayapitia haraka kwa sababu naona chai imefika.

Kuna mwamba mkubwa baharini mbele ya North Berwick, Bass Rock. Wakati wa kiangazi cha huku unaonekana mweupe kama umepakwa chokaa, kumbe ni ndege, wale wakubwa wenye ncha nyeusi za mabawa wanaoitwa gannet. Walihesabiwa mwaka 2014 wakapatikana jozi zaidi ya 75,000, koloni kubwa kuliko zote duniani kwa ndege hao. Mafua ya ndege ya 2022 yaliwaua wengi mno. Mwezi huu wanaondoka, wengine mpaka pwani ya Afrika Magharibi, na wiki baada ya wiki mwamba unageuka kutoka mweupe kuwa mweusi. Makinda yanajirusha baharini yakiwa mazito kiasi cha kutoweza kuruka vizuri, yanaanza safari kwa kuogelea. Mpelekeni mtoto aone mwamba ukibadilika rangi.

Sili wa kijivu nao wanaanza kuzaa sasa, chini ya miamba ya St Abb's Head na kisiwa cha May. Mtoto wa sili ana manyoya meupe. Mama ananyonyesha chini ya wiki tatu na muda huo wote hali kitu. Msimsogelee, hata kama mtoto yuko peke yake. Mama yuko majini anawatazama, na mkimtisha anaweza asirudi.

Matunda meusi ya miiba kwenye vichaka vya njiani, chumeni, ni ya Mungu. Lakini bibi yangu wa Aberlady alikuwa hali tunda hata moja baada ya tarehe 10 Oktoba. Alisema shetani ameyatemea mate. Mimi nilicheka, nikachuma, nikakuta yameshaota ukungu na yana ladha ya maji. Wazee wa kila mahali wana namna ya kukueleza jambo. Na ule mti wenye vishada vyekundu getini kwa nyumba za zamani ni rowan. Waliupanda kuzuia wachawi. Mtu wa Tanga hawezi kushangaa.

Halafu majani. Karibu na Tyninghame kuna msitu, Binning Wood. Ulikatwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukapandwa upya. Mwezi huu uingie mle mchana jua likiwa chini, utadhani umeingia ndani ya taa ya kandili. Mwaka wa kwanza nilidhani miti inaumwa. Haiumwi. Siku zikifupika, mti unaacha kutengeneza ile kijani, na manjano inayotokea ilikuwepo muda wote, kijani ilikuwa imeifunika. Kisha pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi, mti unajenga tabaka kama kizibo cha chupa. Okoteni jani, mtazame mwisho wa kikonyo: pakavu, pamefungwa, hapatoki utomvu. Mti umeziba kidonda kabla jani halijaanguka. Mbuyu wetu unapukutisha majani kiangazi kwa sababu maji hakuna. Hii ya huku inapukutisha kwa sababu baridi na upepo vinakuja. Hakuna mti kati ya hiyo unaokufa.

Mtu mmoja alizaliwa Dunbar mwaka 1838, John Muir. Akiwa na miaka kumi na moja hivi, baba yake akamhamishia Marekani na huko akawa mtetezi mkubwa wa misitu na milima. Njia ya miguu inayoishia Dunbar ina jina lake. Watoto mliozaliwa huku, mkiulizwa shuleni mnatoka wapi, kumbukeni kwamba pwani hii nayo imewahi kutoa wahamiaji, wengi sana.

Basi nimalizie na tangazo. Jumamosi ijayo, mkesha wa saa kurudishwa nyuma, nakwenda Aberlady. Basi la kutoka mjini kwenda North Berwick linapita pale pale kijijini. Nitakuwa kituoni kuanzia saa kumi alasiri. Vaeni mabuti ya mpira, kofia, na soksi mbili mbili. Mwenye chupa ya chai ya tangawizi aje nayo, mimi nitaleta maandazi. Tutavuka daraja dogo la mbao, tutasimama upande wa vichaka vile vya miiba vyenye vitunda vya rangi ya machungwa, tutazame magharibi. Jua litazama kabla ya saa kumi na mbili, nao watakuja baada ya hapo kidogo. Mtawasikia kabla hamjawaona. Wakati huo naomba simu mfukoni na watoto mabegani.

Bibi yangu wa Aberlady alifariki mwezi wa pili, mwaka uliofuata ile vuli ya geti, alfajiri. Nilikuwa zamu. Nilimfumba macho, nikamfunika vizuri, kisha nikaenda nikafungua dirisha. Walikuwa wanatoka ghubani kwenda mashambani, wote kwa pamoja.